Mgrevilea Nyuma ya Chumba cha Mama

Kwa misimu miwili ya mvua, mawingu yalipojikusanya juu ya ziwa mchana, nilikuwa mtu bure darasani. Mdomo ulifundisha, masikio yalikuwa dirishani. Mvua yenyewe sikuiogopa. Niliogopa upepo unaoitangulia, kwa sababu kule Rubya, nyuma ya chumba anacholala mama yangu, ulisimama mti mrefu kuliko nyumba, umeinamia bati lake, na mti huo niliupanda mimi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Msicheke kwanza, nimalize.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake. Chumba chake kinapigwa na jua la jioni, kufikia saa tisa humo ndani hamkaliki. Nikasema nitampandia kivuli. Karibu na Kemondo kulikuwa na kitalu kando ya barabara, na mwenye kitalu, mama mmoja wa makamo, akanichagulia mche wa mgrevilea unaonifika gotini, shina nene. Mimi nikaupita, nikaenda kushika mmoja uliosimama pembeni, unanifika kifuani.

“Huo umekaa sana kwenye kiriba hicho cha plastiki, waitu, ndugu yangu,” aliniambia. “Mizizi imejizungusha humo ndani. Chukua huu mfupi.”

“Mimi mizizi naifundisha,” nikamjibu.

Mpaka leo nikikumbuka jibu lile naona aibu. Hakubishana. Alinifungia mche wangu, akaniambia nichane kiriba, nikate mizizi iliyojikunja, na nipande hatua kumi kutoka ukutani. Mimi nilihesabu nne, maana nilitaka kivuli mapema. Nilipochana kiriba nilikuta mizizi imejiviringisha kama ngata. Nikaona huruma kuikata. Nikaufukia hivyo hivyo.

Ukashika. Tena ukakua kwa kasi, na mimi nikaanza kwenda nyumbani kila mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa Krismasi na misiba, nawasingizia wanafunzi. Sasa nikishuka kwenye bodaboda nazunguka kwanza nyuma ya nyumba, naushika mti, naupiga picha, shikamoo yangu mama anaipokea akiwa bado mlangoni. Halafu anakuja na jembe lake, tunasimama wote wawili tunautazama.

Akautunza kwa namna anayoijua. Kwetu mwanamke wa kibanja anajulikana kwa nyasi anazotandaza chini ya migomba, na mama hana mpinzani kijijini. Alikata nyasi kule rweya, uwandani, akazibeba kichwani, akaulundikia mti wangu shinani mpaka usawa wa goti, na samadi juu yake, na majivu ya jikoni. Majirani walimsifu. Nami nikamsifu. Mgomba hupenda hivyo. Shina la mti linataka hewa, na kitu hicho kimo kichwani mwangu tangu chuoni. Kila mwezi niliuona ule mlundo, na kila mwezi niliupiga picha.

Mwaka wa saba niliona mti umelala kidogo kuelekea kwenye bati. Nikafukua nyasi. Gome likatoka na mkono wangu, limeloa, laini, mchwa wakatawanyika. Nilisukuma kidole kwenye shina, kikazama mpaka kwenye kifundo. Nikakitoa haraka.

“Mama, huu unakatwa. Na kuanzia leo usilale humu.”

“Una majani mabichi mpaka juu,” akasema. “Unaumwa wapi?” Akaanza kurudishia nyasi zake.

“Utakufa humo ndani, mama.”

“Nalala hapa miaka yote hiyo, na hata jani halijanidondokea.”

Nilitafuta fundi mwenye msumeno wa mashine. Alipofika, mama akamwambia kwamba mimi nimeahirisha mpaka mvua ziishe. Nikamtuma tena, mama akamwambia anaumwa, hawezi kelele. Tuligombana kwenye simu mpaka nikamkatia, mimi, mtoto wake. Hofu ilikuwa imenipotezea adabu. Kila upepo ukivuma Ijuganyondo ninapokaa, nilimpigia kumuuliza kama na huko unavuma. Ananijibu hakuna upepo, na nyuma ya sauti yake nasikia mabati yanagonga.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mama hujilaza. Upepo ulikuja ukabamiza madirisha yote ya darasa. Nikapiga simu, ikaita weee, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Mwisho ikawa haipatikani kabisa. Nikaacha chaki mezani, nikatoka.

Nilipanda gari mpaka njia panda, kisha bodaboda. Njia nzima migomba ilikuwa imelala na mikungu yake, na kila nilipoiona nilihesabu umbali uliobaki. Niliomba sala mbaya. Nilisema, Mungu, uwe mguu tu. Avunjike mguu tu, nitamuuguza.

Mti ulikuwa ndani ya chumba. Bati limekunjika, ukuta umefunguka, shina limelala juu ya kitanda, na kona ya blanketi inaning'inia. Sikumwita. Naogopa kusema, lakini sikuwa tayari kusogea niangalie chini ya yale matawi.

“Nani huyo?” ikauliza sauti kutoka jiko la nje.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Simu, akasema, ilikuwa chumbani kwenye chaji. Pale mlangoni nikaanza kumfokea huku nalia, sijui hata nilisema nini. Halafu nikaona godoro kando ya kuni. Nikaona rozari yake imetundikwa msumarini, na nguo zake, zimeshika rangi ya moshi.

“Tangu lini unalala huku?”

“Tangu mwaka juzi. Ule mti ukipigwa na upepo ulikuwa unalia huko chini. Niliogopa.”

Mwaka juzi. Kabla sijaingiza kidole changu.

“Uliogopa, ukamrudisha fundi? Mara mbili? Ukaniambia unalala humo humo?”

Alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia majini, akachukua nyingine.

“Ungekatwa,” akasema, “ungekuwa unakuja kuangalia nini?”

Nikatafuta kisu cha pili, nikakaa chini, nikaanza kumenya naye.