Maoni ya Wenye Pamba Mdomoni

Daktari wa meno wa Koboko, mji mdogo wa Uganda, huomba maoni kuhusu tovuti yake mpya wakati mdomo wa mgonjwa umejaa pamba. Mkono mmoja hushika koleo, wa pili simu, na sauti yake hulainika kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Iko muzuri?" Mgonjwa hujibu "Aaa," naye huandika daftarini: amesifu. Wamesifu arobaini na mmoja, lakini hajaja hata mgonjwa mmoja kwa sababu ya tovuti, na jambo hilo humnyima raha.

Zamu ya Sidonie, muuza mawese, ilipofika, alitema pamba kwanza. "Daktari, mutu akifungua, kitu ya kwanza anaona ni picha ya koleo yako, kubwa kama ya fundi wa lori! Mimi nilifungua juzi, jino ikaogopa, ikaacha kuuma siku mbili." Akasubiri uso wa daktari ukunjamane. Daktari aliweka koleo chini taratibu, macho yakimng'aa, akatafuta kalamu.

"Siku mbili kamili? Bila dawa?"

"Bila dawa."

"Mama, hiyo nitaweka juu kabisa ya tovuti, hata watu wa Arua, kule muji kubwa, waone."