Saini ya Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Baba aliipenda besiboli kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Sisi ni Warundi, na mimi na yeye tulifika Louisville tukitokea kambi ya wakimbizi, Kigoma. Dada yangu alikuwa ametutangulia Marekani na mume wake, wakakaa Columbus. Mimi nilipata kazi ghalani, kufunga vifurushi. Baba magoti yalikuwa yamechoka na Kiingereza hakikumwingia, basi alishinda dirishani kwetu, mtaa wa Iroquois, akiwatazama majirani wakitengeneza magari yao.

Siku moja watu wa kanisa lililotupokea walituletea tiketi mbili za mechi. Ilikuwa mwaka 2014, wakati wa joto, na baba alivaa koti lake zito kama kawaida yake. Hatukuelewa chochote. Mtu anarusha mpira, mwenzake anaukosa kwa gongo, watu wanapiga makofi. Nilidhani baba ataomba turudi nyumbani, lakini alikaa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake hadi watu wa usafi wakaanza kupita kati ya viti.

Kilichomshika kilikuwa mrushaji mmoja mfupi, wa mkono wa kushoto. Wengine walirusha kwa hasira, yeye alirusha taratibu, na wapigaji wakubwa wakawa wanapiga hewa. "Huyu hana haraka," baba alisema. "Tazama, anamwacha mwenzake ajichoshe mwenyewe."

Siku ile mlangoni walikuwa wanagawa pakiti ndogo za kadi. Kila kadi ilikuwa na picha ya mchezaji mbele, na nyuma maelezo yake: alikozaliwa, urefu, mkono anaotumia. Nilimsomea baba zote ndani ya basi. Ya mrushaji wake hatukuipata. Jumamosi iliyofuata tukarudi kuitafuta, na kuanzia hapo tukawa watu wa kadi. Nilinunua albamu yenye kurasa za plastiki zenye vijumba, kadi moja kwa kila kijumba. Baba hakujua kusoma, lakini aliwajua wachezaji wote kwa jinsi wanavyosimama. Aliwapanga anavyotaka yeye. Wanaokimbilia mpira hata kama hawataupata walikaa kurasa za mbele, wavivu nyuma, na mchezaji akifanya uzembe siku ya mechi, jioni anahamishwa.

Katika familia, mtu mwingine aliyejali mambo haya alikuwa shemeji, mume wa dada. Yeye ni Mkongomani wa Kivu, na aliifuata timu ya Columbus, ambayo ilikuwa inacheza ligi moja na yetu. Kadi za Columbus zilizoniangukia nilimtumia kwa posta, naye akanitumia za Louisville. Alipopiga simu kumsalimia mkwewe, salamu zilikuwa fupi, kisha ubishi ukaanza. Baba alimwambia kwamba timu ya Columbus inacheza kama watu waliokula wakashiba kupita kiasi. Nilimpenda shemeji kwa simu zile. Kadi ya mrushaji wa baba tuliipata kutoka kwake, alituletea mwenyewe siku za Krismasi.

Mwaka uliofuata baba aliamua kwamba anataka saini. Kabla ya mechi wachezaji hupita kando ya uzio, na watoto hujipanga pale na kadi na kofia zao. Baba alijipanga nao, mzee wa koti zito katikati ya watoto, kadi mkononi na makapeni aliyoninunulisha. Mimi nilisimama nyuma yake. Mrushaji alipofika akamtazama, akatabasamu, akachukua kalamu. Baba aliibana kadi juu ya bomba la uzio kwa kidole gumba ili isiteleze, na hakukiondoa kidole. Saini ikaanza kwenye kadi na mkia wake ukamalizikia juu ya ukucha wake. Mrushaji alicheka. Baba naye alicheka mpaka akakohoa, na kwa siku kadhaa aliosha mikono akikinyoosha kidole kile pembeni. Kwenye kadi herufi ya mwisho ilibaki imekatika, na palipokuwa na kidole pakabaki peupe.

Baba alifariki majira ya baridi, kifua. Dada na shemeji walikuja, tukamzika. Baada ya wiki hivi, walipokuwa wanajiandaa kurudi Columbus, shemeji aliniomba albamu.

"Shemeji, unipatie ile albamu kwa muda kidogo," alisema. "Bon, kuko wachezaji wenye hawajapatikana. Minataka nikutimizie, ikuwe ukumbusho ya Mzee."

Nilimpa. Niliona ni jambo la heshima, tena mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kuifungua. Wakati ule mrushaji wetu alikuwa amepandishwa ligi kuu, na watu walikuwa wameanza kuzitafuta kadi zake za zamani. Hilo nililijua, lakini halikunijia akilini.

Albamu ilirudi mwezi wa nne, karibu na mechi za kwanza. Ilikuwa imefutwa vumbi, na vijumba vitupu vilikuwa vimejazwa. Niliketi sakafuni nikaipekua polepole, nikimsikia baba anavyowasema watu wake. Nilipofika kwa mrushaji nikasita. Picha ilikuwa ile ile na saini ilikuwepo, kwa wino mweusi. Lakini ilikuwa nzima. Herufi ya mwisho ilikuwa imekamilika na mkia wake mrefu, pale pale ambapo kidole cha baba kilikuwa.

Nilimpigia dada. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya ukucha. Akasema, "Mdogo wangu, msiba umekuchosha. Kadi ni ile ile. Lala upumzike."

Kwa siku mbili tatu nilijaribu kumwamini. Nilikuwa ghalani nafunga maboksi na kujiuliza kama ni kweli niliiona saini imekatika, au ni mimi niliyejitungia baada ya kifo. Hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba nilianza kuitilia shaka siku ile ya uzio, wakati nilikuwa nimesimama pale pale. Mwishowe niliomba ruhusa kazini nikapanda basi kwenda Columbus.

Walikuwa wanaishi mtaa wa Clintonville, ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali yenye baraza mbele. Dada alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na wali. Niliiweka kadi mezani kando ya sahani, nikamwuliza shemeji ile ya baba iko wapi. Alimtazama dada kwanza. Halafu akaweka kijiko chini.

"Ile karte nilipatiaka mutu moja wa Buffalo," alisema. "Tulikutana kwenye soko ya kubadilishana karte, huku Columbus. Alikuwa anaitafuta sana. Donc, akanipatia karte za Columbus, sanduku muzima, za tangu zamani. Sikujuaka kama utaiangalia vile."

Nikamwuliza saini hii aliandika nani. Dada ndiye aliyejibu, akiwa anaendelea kunipakulia chakula.

"Niliandika mimi, kwenye kadi nyingine kama ile. Yeye alikuwa ameshaitoa. Nilipojua nilikuwa nimechelewa, nikaona afadhali usiumie."

Nilimkumbusha kwamba nilimpigia simu akaniambia kadi ni ile ile. Akasema angesema nini. Kisha akaweka mwiko chini na sauti yake ikabadilika. Alisema nimekaa na baba miaka yote ile, nimekula naye, nimemzika karibu na kwangu, albamu nimebaki nayo mimi, koti nimebaki nalo mimi. "Alikuwa baba yangu pia," alisema. "Mimi niliachiwa nini?"

Angeniomba koti ningempa. Angeniomba kadi, labda ningempa hata hiyo. Sikumwambia, kwa sababu nilihisi nikifungua mdomo nitalia, na sikutaka shemeji anione. Nilimwomba shemeji tu anwani na simu ya mtu wa Buffalo. Alinipa bila kubisha, na usiku nililala kwa mama mmoja wa kanisani, Mrundi mwenzetu.

Safari ya Buffalo nilikwenda baada ya wiki chache, na albamu ndani ya begi. Mtu yule alikuwa mzee wa Kimarekani aliyestaafu, mjane, na nyumba yake ilikuwa Cheektowaga, karibu kabisa na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa hadi vikombe vinatikisika. Nilikuwa nimempigia mapema, basi alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinipeleka chumba cha chini ya nyumba. Kuta zote zilikuwa na makabati ya kadi. Hakuwa na haja ya kutafuta. Alivuta droo moja akanipa kadi iliyofungwa ndani ya plastiki ngumu.

Herufi ya mwisho ilikuwa imekatika. Pale pa kidole palikuwa peupe, na ukiigeuza kwenye mwanga uliona kadi imebonyea kidogo palipobanwa.

Nilimweleza mambo yalivyokuwa. Alisikiliza kwa makini, uso wake ukizidi kuwa mzito, na nilipomaliza akasema kuna kitu hakielewi. Alisema siku ile aliuliza kadi ni ya nani, kwa sababu yeye hapendi kuchukua kitu chenye mgogoro. Aliambiwa ni ya mzee mmoja aliyeipata saini mwenyewe uzioni, kwamba mzee yuko Louisville, macho yanamsumbua siku hizi, na ameomba kadi iende kwa mtu atakayeitunza. Hata salamu alitumiwa.

Nikasema shemeji yangu alidanganya.

Mzee alitikisa kichwa. Yule bwana, alisema, hakuzungumza sana, Kiingereza kilikuwa kinampa shida. Aliyezungumza yote ni mwanamke aliyekuwa naye. Ndiye aliyechagua sanduku. Ndiye aliyeomba aongezewe pakiti mbili za kadi.

Nilikaa kwenye ngazi za kile chumba. Columbus nilikuwa nimekasirika, lakini hasira ile ilikuwa na mahali pa kukaa: shemeji alitoa, dada akaficha. Nilikuwa nimeshaanza hata kumtafutia dada sababu. Sasa nilimwona amesimama mbele ya meza ya mgeni, wiki chache tu tangu tumwage udongo kaburini, akimwambia kwamba baba anasalimu.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kadi. Alisema anasikitika, na akasema pia kwamba yeye alibadilishana kwa haki na sanduku lake halitarudi. Akaniuliza nina nini. Nilimpa albamu. Aliipekua ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini wachezaji hawakupangwa kwa namba, nikamwambia walipangwa na mtu aliyekuwa na sababu zake. Alinionea huruma, nadhani, kwa sababu alijitolea kunirudishia baadhi. Nilikataa. Nilitaka jambo liishe. Niliacha kwake timu nzima, waliokimbia na wavivu, nikatoka na kadi moja.

Basi la kurudi lilipitia Columbus na kusimama pale kwa muda. Nilimpigia dada nikamwambia niko stesheni. Alikuja haraka, kanga begani juu ya sare yake ya kazi, alikuwa anahudumia wazee. Tulisimama kando ya mashine ya soda.

"Ulimwambia yule mzee kwamba baba yuko hai," nilisema.

Alitazama chini.

"Hapa Columbus nilikuwa sijamwambia mtu kwamba amekufa," alisema. "Kazini nilisema nilikwenda harusini. Yule mzungu aliponiuliza, nikajikuta namwelezea baba, na maneno yakaja yenyewe. Macho yanamsumbua, anasalimu. Nilijisikia vizuri. Nisikudanganye tena, nilijisikia vizuri sana."

"Na zile pakiti mbili?"

Akaomba aione kadi. Ilikuwa mfukoni mwangu, mkono wangu ulikuwa juu yake. Nikamwambia basi linaondoka, ingawa dereva alikuwa bado nje anavuta sigara. Nilipanda nikaketi upande wa pili ili nisimwone, na nilipogeuka baadaye alikuwa bado amesimama, anatafuta dirisha langu ni lipi.

Zaidi ya mwaka hatukupigiana simu. Habari zake nilizisikia kanisani, kwa Warundi wanaosafiri kwenda na kurudi: kwamba ana mimba, kwamba amejifungua mtoto wa kike, kwamba mtoto ana masikio ya baba. Wakati huo nilikuwa nimeshanunua gari dogo. Niliendesha hadi Clintonville bila kuwaarifu, na pampasi na doti ya kitenge kwenye kiti cha nyuma.

Shemeji ndiye aliyefungua. Alinikaribisha vizuri, akanitengenezea chai ya maziwa mwenyewe, akaniuliza hali ya kazi, ya barabara, ya baridi. Habari ya besiboli hakuigusa, na sanduku sikuliona popote. Nilimbeba mtoto. Ni kweli, masikio yalikuwa yale yale. Dada aliketi karibu akinitazama ninavyomshika, mara mbili akainua mkono kumrekebisha kichwa na mara zote akaurudisha.

Jioni alinisindikiza hadi garini. Tulisimama na mlango ukiwa wazi, yeye amemfunika mtoto kwa ncha ya kanga, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Upepo ulikuwa mkali. Nikamwambia amwingize mtoto ndani asije akashikwa na kifua, naye akasema nikifika nimjulishe. Nilifika saa za usiku, na nikamjulisha.