Sarafu za Wahome na Unyevu wa Endarasha

Baridi ya Endarasha, kuku hutaga mayai yamevaa sweta. Anayebisha aende akayavue. Katika baridi hiyo Watiri alimzika mumewe, Wahome, na hakulia. Miezi miwili ikapita, macho bado makavu kama debe tupu.

Mzee alikwenda, sarafu zake zikabaki zinakuja. Alikuwa akikusanya senti za kale zenye tundu katikati na kuzituma ng'ambo. Wataalamu wa huko walizipa alama kama mwalimu asahihishavyo mtihani, wakazifungia kila moja katika kikasha kigumu cha plastiki. Alituma nyingi kabla ya kuugua, na sasa kila wiki mbili posta ilimwita mjane achukue zilizorudi. Maneno yake ya mwisho hospitalini hayakuwa ya mapenzi. Alisema, "Watiri, zisipate unyevu. Zikiota kijani zimekufa."

Basi kabati likajaa, na ukuta nyuma yake unaota ukungu. Watiri akafanya kama afanyavyo na mahindi ya mbegu: akavipanga vikasha kwenye uchaga juu ya moto jikoni. Siku ya tatu viwili vilikuwa vimejikunja kama masikio ya mbuzi.

Tabby, dada ya Wahome, alicheka mpaka akashika mlango. "Wifi, ati unakausha pesa kama nyama?"

"Na niko na pahali gani pengine pakavu?"

"Kitandani. Si ndiyo pahali pekee pako na joto hapa?"

Watiri akavihamishia chini ya godoro, upande wa Wahome, maana ulikuwa wazi. Jumapili alipoliinua, plastiki ilikuwa imetoka jasho, na senti moja ina doa la kijani. Endarasha, upande wa kitanda usiolaliwa hunywa maji kuliko ng'ombe. Akafuta kwa leso. Doa lilikuwa ndani. Akangoja uchungu uje. Haukuja. Alisikia njaa kidogo tu.

Jumatatu alirudi kutoka posta na kifurushi kingine. Tabby akamkuta anasogeza mto.

"Hizo nazo utaweka wapi?"

"Pale pale."

"Si zitaoza, wewe?"

"Haziozi. Kuanzia leo nalala upande wake."

"Na upande wako je?"

"Wacha upate baridi," Watiri akasema, kama mtu anayetaja bei ya viazi. "Hauna kitu."

Kisha akaenda kukamua.