Mlenda wa mama wa mgombea

Tulikuwa wanne nyumbani kwangu Mazingara. Mimi mwenye nyumba. Binti yangu wa mwisho, ofisa ugani, ambaye sisi wakulima bado tunamwita bibi shamba. Na wageni wawili kutoka Korogwe, wenzake wa kazi: bwana mmoja Msambaa, na mama mmoja aliyesoma na binti yangu chuo. Majina yao ninayo yote, mpaka ya babu zao, ila binti kanikataza kuyaandika.

Binti alikuwa anagombea uenyekiti wa chama chao cha maofisa ugani wa Handeni na Korogwe. Lazima adhaminiwe na mwanachama wa wilaya ya pili, ndiyo maana wale wakaja. Fomu ilitakiwa Handeni mjini jioni ileile.

Mimi niliambiwa tu, "Mama, nina wageni." Wakafika yeye akiwa bado Kwaluguru, anaangalia mahindi ya watu yaliyoingiwa na viwavi. Sasa mgeni katoka Korogwe, nimwangalie tu? Nikachinja kuku, nikasonga ugali, nikapika na mlenda. Yule mama alisema amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Basi fungu lake nikalifunga kwenye jani la mgomba, ili aende akafuturu nalo kwao. Bwana alikula mpaka akafungua kifungo.

"Mama, mlenda huu ukigombea, mimi naupa kura."

Binti akashuka kwenye bodaboda, akaona sahani. Akasimama palepale.

"Mama! Umewalisha?"

"Kwani wana ugonjwa gani wasile?"

"Nimekwisha. Mgombea haruhusiwi kumpa mdhamini chochote, wala chakula cha nyumbani kwake."

Nikashangaa kweli. Nikavuta kigoda nikae vizuri niulize. Chama cha watu wa mahindi na maharage, chakula kimewakosea nini? Binti akanieleza kwamba zamani kuna mgombea alichinja mbuzi, watu wakashiba, wakampa kura.

"Tulimchagua mbuzi, mama. Yule mtu hata mkutano mmoja hakuitisha."

"Na maji je? Na mtu akipaliwa?"

"Mama!"

Bwana akasema, "Mimi nisaini tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," binti akamjibu. "Na mama atamsimulia kila mtu mpaka sokoni."

Hapo sikubisha.

Yule mama aliyefunga akasema, "Leteni kalamu. Mimi hata chumvi sijaonja."

"Na hicho kilichofungwa?" binti akauliza.

Wote wakaliangalia lile jani. Kwetu fungu la mgeni likishafungwa halirudi jikoni. Ni kama umemfukuza. Na akiondoka nalo, binti hana mdhamini. Nikauliza kama naweza kumtunzia mpaka kura zipigwe. Wakacheka, na joto lile la Handeni!

Bwana akanyoosha mkono. "Mimi nimeshaharibika. Nipeni mimi, mke wangu hana kura."

"Tamaa tu hiyo, shemeji," yule mama akamwambia. Lakini akalichukua lile jani, akampa kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo halikurudi jikoni, na yeye hakuondoka nalo. Ndipo akasaini, na binti akapanda bodaboda kwenda mjini, vumbi nyuma yake.

Kura alizipata nyingi, ila mwenzake alizipata zaidi. Binti hakununa, alisema alishindana kweli, hakushindana na mbuzi. Yule mama alikuja siku chache baadaye, akabisha hodi mchana.

"Shikamoo mama. Nimefuata fungu langu."

"Marahaba. Sheria zinaruhusu?"

"Sasa hivi hata ukinipa ng'ombe."

Nikampikia paja, kwa sababu nakumbuka ndani ya lile jani nilifunga paja. Bwana wa Korogwe anadai mkewe alikuta kidari. Wewe mama uliyesaini, ndiye uliyelishika kabla yake. Na wewe mke wa bwana, ndiye uliyelifungua. Kama nimekosea semeni, nipike upya kile kilichokuwa haki yake.