Anwani ya Bwana Hamdun

Nkatha ni fundi wa mitandao, Mmeru wa miaka ishirini na tisa. Hupanda minara ambayo mimi, Ronald, mfanyakazi mwenzake hapa dukani Lamu, naitazama tu kutoka chini. Mteja akimwuliza fundi yuko wapi huku anamtazama, humjibu, "Amekufa," kisha anafungua kisanduku cha vifaa.

Kazi ya mji wa Faza alipewa kwa sababu ni mwanamke. Bi Ummu alikuwa edani. Mumewe, Bwana Hamdun, alikuwa amefariki mwezi mmoja na nusu uliopita, na mwanamume wa kando haruhusiwi kumwona mjane mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Aliishi peke yake, na kupokea simu hakutaka. Wiki moja kabla ya kazi hiyo alianguka ngazini akalala pale mpaka jirani alipokuja kumjulia hali. Binti yake Fairuz, aliyeko Mombasa, akataka kamera chumbani, amtazame mama yake kutoka huko.

Kuta za nyumba ile ni nene, mtandao haupenyi. Zamani kiliwekwa kisanduku cha briji cha kuurusha kutoka sebuleni hadi chumba cha ndani. Nkatha akafunga kamera huko, akaipa anwani, ile namba ya kuitambulisha mtandaoni, akatengeneza na VPN, ile njia ya faragha ya kumwingiza Fairuz kwenye mtandao wa nyumba akiwa Mombasa. Fairuz akaingia. Kamera ikakataa kufunguka. Siku tatu alitupigia akilia, hajui kama mama yake kaanguka tena.

Siku ya nne Nkatha akarudi Faza. Mimi nikaingia kwa VPN kutoka dukani, simu sikioni.

"Iite kamera kwa anwani yake," akasema.

"Inajibu."

"Sasa nimechomoa waya wake. Ita tena."

Ikajibu.

"Nkatha, umechomoa kamera gani?"

"Iko mkononi mwangu, Ronald. Haina hata taa."

Bado ilijibu, kila sekunde, bila kukosa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, punda wanapita nje, nami nywele zimenisimama. Nikatafuta jina la kinachojibu. Likaja: Hamdun.

Nilimwambia Nkatha atoke mle, na sioni aibu kusema hivyo. Nikaisikia pumzi yake, nikajua kumbe naye huogopa. Kisha akauliza kwa heshima, "Bi Ummu, humu chumbani kuna kitu kingine chenye mtandao?"

Bi Ummu akainua mto. Simu ya marehemu ilikuwa imefungwa leso, waya wa chaji umepitishwa nyuma ya kitanda. Anwani tuliyoipa kamera, Bwana Hamdun alikuwa ameiandika kwenye simu yake zamani, kwa mkono wake, na simu haikuwa imezimwa hata siku moja tangu azikwe; tulipoiita kamera, simu ndiyo iliyoitika.

"Siiwati ikazima, mwanangu," Bi Ummu akasema. "Sauti yake imo humu, jumbe alizonitumia. Kulla siku namsikiza."

"Izime tu tumalize kazi," nikamwambia Nkatha.

"Njoo uizime wewe!" akanifokea. Akamrudishia mama simu yake, akaipa kamera anwani nyingine, kisha akatoka kwenda sebuleni.

Tukamwunga Fairuz kwenye laini, naye akaingia. Mimi nikafunika skrini kwa kofia, maana aliye edani si wa kutazamwa na mimi. Kwa hiyo sikuona kitu. Lakini kamera zile huchukua na sauti, na sauti ya kwanza kutufikia ilikuwa ya mwanamume mzee, taratibu, karibu kabisa:

"Ummu, mimi natoka. Ngazi zina mai, utateleza; shuka polepole."

"Baba," Fairuz akasema, akaanza kulia.

Mle ndani Bi Ummu hakujua kwamba tunamsikia. Akamjibu mumewe, "Siku ile niliyoanguka sikukusikiza, Bwana. Niwie radhi."