Tulitoka ziwani kwenda kubeba mawe milimani, moyo wa mdogo wangu ukakataa kuzoea

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Nimesoma humu vijana wakibishana kuhusu kwenda kufanya mazoezi milimani. Mmoja anasema moyo unakuwa imara, mwingine anasema unapasuka. Nimechoka kusoma, acha na mimi niandike yangu.

Mimi ni mzee, simu ni ya mjukuu, vidole vimekakamaa. Mnivumilie. Sina cha kuongeza chumvi, wale ambao ningetaka kuwadanganya wote wameshazikwa.

Kwetu ni Buyenzi, Bujumbura. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera hazijapauka. Mimi na mdogo wangu Shabani tulikuwa makuli bandarini, tunashusha magunia kwenye meli za ziwa. Shabani alikuwa na kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Alikuwa anabeba gunia huku anatukana wenzake, watu wanacheka.

Mimi nilikuwa mwimbishaji. Wasiojua: makuli hawafanyi kazi kimya. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, miguu yote inafuata. Ukiimba haraka wanaenda haraka. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na gunia mgongoni juu yake.

Siku moja akaja kapita, yaani msimamizi wa kazi. Alitafuta wanaume wa kwenda kujenga shule juu kabisa, kule barabara ya Bugarama inakopotelea kwenye ukungu. Akasema atakayeonyesha nguvu atabaki naye kujifunza uashi.

Shabani akaruka. Alikuwa amechoka kuitwa kuli. Kuna binti wa hapo hapo Buyenzi, Zaina, baba yake alishasema haozeshi kwa kuli. Uashi ndio ulikuwa mlango wake, na hakuwa na mwingine.

Basi tukapanda kwenye kamyo, lori lake, tukaenda.

Wakuu, siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mawe yalikuwa bondeni, shule inajengwa juu ya mlima. Nikatoa wimbo kama kawaida ya bandarini. Kimya. Nikageuka, nikaona wanaume wazima wamejikunja, midomo wazi, hakuna mwenye pumzi ya kuitikia. Mimi mwenyewe moyo ulikuwa unagonga mpaka masikioni, na jiwe langu lilikuwa dogo.

Kapita alicheka mpaka akakaa chini. “Batu ya ziwa! Apana ogopa, mutazoea.”

Na kweli tulizoea, simnyimi haki yake. Siku za kwanza moyo ulikuwa unakimbia hata ukiwa umekaa unakula maharage. Halafu ukaanza kutulia. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo moyo unapiga mara nyingi zaidi ili damu itoshe mwilini, kisha mwili unajipanga taratibu. Haya nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule tulisema tu baridi imetuzoea.

Kiitikio kikarudi. Sauti moja, mbili, baadaye kundi zima.

Sasa mwimbishaji anamjua kila mtu kwa sauti. Siku hiyo tunapanda, wanaitikia vizuri kabisa, mimi nikaona kuna kitu kinakosekana. Nikageuka nikamwangalia Shabani. Midomo inachezacheza, sauti haitoki. Alikuwa anajifanya anaimba ili nisijue.

Hapo ndipo nikaunganisha mambo. Kila alfajiri nilikuwa namkuta amelala amekaa, kaegemea mifuko ya simenti. Nikimuuliza anasema chini kuna baridi. Kikohozi anasema ni vumbi. Na kule bandarini, kumbe, unabeba gunia kwenye tambarare, unalibwaga, unarudi mikono mitupu huku unapiga domo. Moyo unapata nafasi ya kupumzika. Huku ni kupanda tu.

Nikakata wimbo katikati ya mlima. Mstari wote ukasimama.

Kapita akaja mbio. “Ni nini tena?”

Nikasema mbele ya wote, “Shabani ni mugonjwa. Asibebe tena.”

Mdogo wangu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. “Mi siko mugonjwa! Kaka, kwa nini unaniaibisha mbele ya batu?” Akalikamata jiwe lake, akapanda peke yake, bila wimbo, anaharakisha kabisa ili nionekane muongo.

Alikaribia kufika. Magoti yakakunjika, jiwe likabingirika, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilikimbia nikilia, sioni haya kusema. Nilijua nimemuua kwa kumchokoza.

Tulimbeba kwenye blanketi mpaka dispensari ya jirani. Muuguzi akaweka mipira yake masikioni, akasikiliza kifua muda mrefu. Akaniuliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba. Nikakumbuka, ndiyo, mama alimkanda mafuta karibu mwezi mzima.

Akanieleza pole pole. Moyo una milango ndani, na mmoja wa Shabani ulikakamaa tangu ugonjwa ule, haufunguki vizuri. Moyo ukienda taratibu, damu inapita. Ukikimbia, damu haipati muda wa kupita, inarudi nyuma mapafuni, ndiyo maana anakohoa na hawezi kulala chini. “Wenzake moyo umetulia,” akasema, “wa kwake hautatulia huku. Mumushushe leo.”

Tukashuka naye. Karibu na ziwa pumzi ikamrudia kidogo, na maneno ya kwanza aliyonipa ni kwamba nimemnyima uashi, nimemnyima Zaina, nisimwite ndugu.

Baba yake Zaina aliposikia habari za moyo, akamwoza binti yake kwa fundi saa wa mtaa wa pili. Shabani akashona nguo, kazi ya kukaa, na ilimweka mjini miaka mingi. Baadaye akaoa mwanamke mwema, akapata watoto. Mimi nilipita mbele ya cherehani yake kila siku. Salamu ananijibu, maana dini inamlazimisha. Zaidi ya hapo hakuna. Inachosha, wakuu. Kununiwa na mtu uliyemlilia kunachosha kuliko mawe.

Miaka ikapita, tukapata msiba wa ukweni kwake, juu kule kule. Jirani akatupakia kwenye gari yake, Shabani mbele, mimi nyuma na wanawake. Gunia hajashika, jiwe hajashika, amekaa tu kwenye kiti. Tulipoingia kwenye ukungu nikamwona anashika mlango.

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kiganja, akakivuta mpaka kifuani kwake. Moyo ulikuwa unakimbia mno, wakuu. Alikuwa amekaa tu, na ulikuwa unakimbia.

“Kaka,” akasema, “nipeleke nyumbani.”

Tangu siku ya jiwe hakuwahi kuniomba hata maji. Nikamwambia jirani ageuze gari. Msiba ulitusamehe.

Shabani hakuishi sana baada ya hapo, lakini ile miezi tulikunywa chai pamoja.

Kwa hiyo vijana, nendeni mlimani, siwakatazi. Pandeni pole pole, pumzikeni siku za kwanza, moyo kukimbia si ajabu. Ila wenzako wakishatulia na wewe hujatulia, unalala umekaa, unakohoa, shuka, ukapimwe. Neno “utazoea” si dawa.

Yaliyowakuta huko juu yaandikeni hapa chini, nitasoma taratibu. Na kama kuna ndugu amekununia kwa sababu ulimshusha, mwache anune. Mpitie kila siku, umsalimie. Anayenuna bado anapumua.