Siku Nilipouosha Mchoro wa Mwambani

Kila nikimwagia maji sakafu ya ua wangu hapa Mkonze, pembezoni mwa mji, wakati wa jua kali, harufu ya saruji ya moto inayokunywa maji hunipanda puani na kunitoa machozi. Watoto wangu hudhani ni vumbi, nami nawaacha wadhani hivyo. Lakini ninyi nitawaambia, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu na limenichosha.

Nilizaliwa kwenye milima ya Kondoa, upande ule wenye mapango ya michoro. Baba alikuwa mlinzi wa mapango yale na mwongoza wageni. Kwingine watu wana ngome na majumba ya wafalme ya kuonyesha. Sisi tulikuwa na miamba, na juu yake watu wekundu, wembamba, vichwa vimevimba kama marundo ya nyasi, waliochorwa na watu ambao hata bibi yake bibi hakuwajua. Wageni walikuwa haba. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na mwezi ungeweza kwisha asitokee mtu. Kwa hiyo gari likisikika bondeni, baba alivaa koti lake la kaki hata kama jua linapasua mawe, akachukua daftari la wageni na kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alikuwa na sheria mbili, nazo nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwanza, michoro haimwagiwi maji. Maji huiamsha rangi ikang'aa kwa dakika chache, kisha huila. Pili, mgeni hasimuliwi shida za nyumbani. Amekuja kufurahi; ukimlilia, umemwomba. Sisi Warangi wa kule mlimani tulikuwa maskini, ila kuomba tulikuona fedheha kuliko njaa yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake alasiri, na mtoto hatoki. Bibi, mzaa baba, ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji. Asubuhi alipanda hadi pango la juu, mbele ya mchoro wa mwanamke aliyelala, akanyunyiza unga wa mtama miguuni pake na kuomba, kama wanawake wa kwetu walivyofanya siku zote. Baba, mtu wa swala tano, alijifanya hakuona. Bibi aliporudi alisema mama atajifungua kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita.

Ndipo Landrova ikaja. Baba alitoka chumbani macho mekundu, akanikabidhi daftari.

"Waongoze wewe, njia unaijua. Na uso uwe mkunjufu."

Wageni walikuwa bwana mmoja mnene mwenye kofia, pamoja na mkewe aliyevaa viatu vya visigino. Dereva wao alibaki garini, akalaza kiti na kufumba macho. Niliwaamkia, nikawapandisha. Yule mwanamke alipanda mlima na visigino vyake vile vile. Kila mguu ulipoteleza alijicheka mwenyewe, nami nikampenda papo hapo. Tulipofika pango la juu, sauti ya mama ilitufikia kutoka chini, ndefu, ikikatika katikati.

"Ni nini hicho, mwanangu?" akauliza yule mwanamke.

"Mbuzi, mama," nikasema.

Mumewe alikuwa akikodolea macho mwamba. "Ndiyo hii tu? Tumekula vumbi lote lile kwa ajili ya doa?"

Niliona aibu kwa niaba ya baba. Nilikuwa na kidumu cha maji ya kunywa. Nikayamwaga juu ya mwanamke aliyelala, jiwe la moto likatoa ile harufu, nikasugua kwa pindo la kanga yangu. Akatokea mwekundu kabisa, vidole, nywele na vyote. Wageni wakapiga makofi. Nilipotazama pindo la kanga, nalo lilikuwa jekundu.

Tulipokuwa tukishuka yule mwanamke alinishika bega. "Hapa kwenu hamna shida yoyote tuwasaidie?"

"Hapana, mama. Tunashukuru."

Wakaandika majina yao kwenye daftari, wakaondoka. Nikawapungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Mama alifariki kabla jua halijazama, mtoto akiwa bado tumboni.

Baada ya arobaini bibi alipanda tena pangoni, akarudi na unga wake kwenye bakuli. Mwanamke wa mwambani hakuwa na uso tena. Bibi alisema mbele ya wanawake wote kwamba aliyemfuta ndiye aliyetuulia mama. Nilikunja pindo la kanga yangu kwa ndani. Baba aliitazama kanga yangu, ambayo doa lake halikutoka, halafu akainuka kwenda kufunga mbuzi. Hakunigombeza siku ile, wala siku nyingine yoyote. Nilijua ni huruma, na huruma ile iliniuma kuliko fimbo. Nilikua nikijua kwamba nimemuua mama yangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba ya kwanza, muuguzi wa kliniki huku mjini alikuwa akijaza kadi yangu. Akaniuliza, bila hata kuinua kichwa, uchungu ukianza usiku nitapata wapi usafiri. Nikaikumbuka ile Landrova. Hospitali ya Kondoa haikuwa hata mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu.

Nilisafiri kwenda kwa baba wiki ile ile. Nilimkuta kwenye mkeka wake, mzee tayari, akipukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema, "Baba, lile gari."

Hakuuliza gari lipi.

"Nilikwenda mara mbili hadi mlangoni kwa dereva," akasema. "Mara ya kwanza nikamuuliza kama wamesafiri salama. Mara ya pili nikampelekea maji ya kunywa. Nilishindwa, mwanangu. Niliona haya."

Akaendelea kupukuchua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakunigombeza juu ya ule mchoro. Mradi nilijilaumu kwa lile jiwe, hapakuwa na mtu wa kumuuliza habari za gari. Mtoto wa miaka kumi aliachiwa kifo kizima akibebe peke yake, na aliyemwachia alikuwa akila naye sahani moja kila jioni.

Nilimpenda baba, na bado nampenda. Lakini siku ile niliinuka pale kwenye mkeka, nikatoka bila kumuaga.